Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika Kuhusu Matumizi na Utunzaji wa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Kwa: Mamlaka Husika,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MWALIMU WA SHULE YA MSINGI, MATUMIZI YAKE NA UTUNZAJI WAKE

Mwalimu wa shule ya msingi ni mtumishi wa umma anayepatikana kila pembe ya Tanzania Bara, aghalabu mbele ya ubao. Hutambulika kwa mambo matatu: chaki vidoleni, rundo la madaftari kwapani, na uwezo wa kutekeleza sera ambayo hajapewa nakala yake. Sifa hiyo ya tatu ndiyo iliyowapendeza watunga sera wa awamu zote. Kwa kuwa Mamlaka Husika humtumia mtumishi huyu kila siku, na kwa kuwa hakuna dalili kwamba iliwahi kukabidhiwa maelezo ya matumizi yake, maelezo hayo yanatolewa hapa.

2. Mwalimu huishi kwa sera. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilimkabidhi jembe na shamba la shule. Azimio la Musoma la 1974 likataka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo 1977. Watoto walifika, walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakasimamishwa mbele ya ubao, wakijifunza ualimu huku wanafundisha. Mwaka 1995 ilitoka Sera ya Elimu na Mafunzo. Mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ada ikiwa imefutwa, na madarasa yakafurika. Mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ukazipanga shule kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu kulingana na ufaulu. Hatua hiyo ilimsaidia sana mwalimu wa shule nyekundu: madawati yalibaki yale yale, lakini sasa alijua rangi yake.

3. Sera ya 2014 ilizinduliwa Februari 2015. Ilitamka kwamba elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwezi mmoja kabla ya uzinduzi huo alisoma miaka sita, akaongezewa wa saba, akahitimu mwaka 2021. Toleo la 2023 la sera hiyo lilikuja kwa mwendo mwingine. Rasimu yake na ya mitaala ilitolewa kwa wananchi Mei 2023, mtaala mpya ukaanza kufundishwa darasa la kwanza na la tatu Januari 2024, na sera yenyewe ikazinduliwa rasmi mwanzoni mwa 2025. Kwa hiyo ile miaka sita ya toleo la kwanza ilichukua miaka tisa kufika darasani, na toleo la pili lilitanguliwa na utekelezaji wake kwa mwaka mzima. Mwalimu, ambaye hupewa onyo akiingia darasani bila azimio la kazi na andalio la somo, aliupokea mpangilio huo kwa nidhamu.

4. Sera ikishuka, hufuata kitabu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 vitabu vya kiada vilikuwa mikononi mwa Serikali. Sera ya vitabu ya 1991 iliwaachia kazi hiyo wachapishaji binafsi, na mwaka 1999 ikaundwa kamati ya kuviidhinisha, maarufu kwa jina la EMAC. Somo moja likawa na vitabu vingi vyenye ithibati, na mtoto aliyehama shule alihama pia kitabu. Mwaka 2013 kamati ikavunjwa, kazi ikarudi Taasisi ya Elimu Tanzania, na kitabu kikawa kimoja nchi nzima. Mwaka 2017 makosa yaliyokuwamo katika vitabu vipya yalifika hadi bungeni. Faida ya kitabu kimoja ilidhihirika siku hizo, kwa maana kosa nalo lilikuwa moja, na lilimfikia mtoto wa Kigoma na wa Mtwara bila ubaguzi. Mwalimu hakulalamika. Kusahihisha ni kazi yake, na hapo alikuwa ameongezewa daftari.

5. Lengo la Serikali ni kitabu kimoja kwa mwanafunzi mmoja. Kabla lengo halijafikiwa, dawati hutumia utaratibu wake: aliyekaa katikati hushika kitabu, wa kulia na wa kushoto husoma kwa shingo upande, na kazi ya nyumbani hufanywa na yule ambaye kitabu kimelala kwao. Ziko pia shule ambazo vitabu hukaa kabatini, kwa kuwa kikipotea Mwalimu Mkuu atahojiwa, ilhali kisiposomwa hahojiwi na mtu. Vitabu hivyo hudumu miaka mingi vikiwa safi, na mthibiti ubora akifika huvikuta katika hali ya kuridhisha. Kwa shule zilizopungukiwa, vipo vya kielektroniki katika maktaba mtandao, ambavyo mwalimu huvisoma kwa simu yake na kwa bando lake.

6. Uendeshaji wa shule umewekewa ruzuku. Tangu enzi ya MMEM kiwango kilichotajwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 hushuka shuleni. Ukigawa kwa miezi 12, kila mtoto anaendeshwa kwa shilingi 500 kwa mwezi, fedha ambayo haifiki bei ya sahani ya wali maharage. Humo hutoka chaki, karatasi za mitihani, matengenezo na michezo. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta michango ya lazima, jambo jema ambalo mzazi alilielewa upesi kuliko waraka wowote uliopata kutolewa. Mwalimu Mkuu akiomba hata ndoo ya kunawia mikono, hujibiwa kwamba elimu ni bure.

7. Mafunzo huja mwisho, pale yanapokuja. Kwa desturi, wawezeshaji wa kitaifa hufundishwa kwa siku kadhaa, nao huwafundisha wa mkoa kwa siku chache, wa mkoa huwafundisha wa kata kwa siku moja, na aliyetoka kata huwasimulia wenzake shuleni wakati wa chai. Kinachomfikia mwalimu wa darasa ni kichwa cha habari. Tangu 2020 kipo kiunzi cha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, kinachowataka walimu wajifunze pamoja shuleni na katika klasta. Wazo ni zuri, na shule yenye walimu wanne kwa madarasa saba hulitekeleza usiku.

8. Somo kuu la mafunzo hayo ni umahiri: mwanafunzi atende, ajadili, agundue, na mwalimu apite akiongoza vikundi. Uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa lenye watoto 120 likigawanywa katika vikundi vya watoto sita, hupatikana vikundi 20. Kipindi, kuanzia darasa la tatu, ni dakika 40. Mwalimu akikipa kila kikundi dakika mbili, kengele hulia akiwa kikundi cha mwisho, somo halijaanzishwa na daftari halijasahihishwa. Mwezeshaji akiulizwa kuhusu hesabu hii, hujibu kwamba mwalimu awe mbunifu.

9. Ubunifu huo huhitajika pia katika lugha. Mwaka 2015 Kiingereza kiliondolewa darasa la kwanza na la pili, ili mtoto atangulize kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 2024 kikarudishwa darasa la kwanza. Mtoto ni wa umri ule ule, na mara nyingi mwalimu ni yule yule.

10. Lawama nazo zina njia yake rasmi. Wizara hutunga sera. Taasisi ya Elimu huandaa mtaala na vitabu. TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, husimamia shule na halmashauri huziendesha. Tume ya Utumishi wa Walimu husimamia ajira na nidhamu, wathibiti ubora hukagua, Baraza la Mitihani hupima. Maagizo ya wote hao humfikia mtu mmoja. Matokeo ya darasa la saba yakiwa mazuri, huelezwa kuwa matunda ya sera. Yakiwa mabaya, mwalimu huandikiwa barua ya kujieleza, na hiyo ndiyo mara pekee mamlaka zote hutaka kusikia maoni yake.

11. Ili mtumishi huyu adumu, Mamlaka Husika inashauriwa kuzingatia mambo manne. Mtaala usianze kabla vitabu vyake havijafika shule ya mwisho barabarani. Mwalimu afundishwe yeye mwenyewe, kwa siku za kutosha, kabla ya Januari ya mtaala mpya. Kila kitabu kijaribiwe na mwandishi wake kwa mwezi mmoja katika darasa la watoto 100, ndipo kiende kiwandani. Na waraka mpya usitumwe kabla ule wa zamani haujatathminiwa na wale waliougeuza kuwa somo.

12. Lipo la haraka zaidi. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wale wa mwisho wa mtaala wa zamani watamaliza la saba. Makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Tarehe hiyo inajulikana tangu mtaala ulipoanza, kwa hiyo haitafaa kuitwa dharura. Mamlaka Husika inaombwa ihesabu madarasa, vitabu na walimu sasa, na katika hesabu hiyo ianze kwa kumuuliza mwalimu.

Imewasilishwa kwa utekelezaji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi