Kibaya Chajitembeza: Sifa za Metaklasi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini aliyewahi kukata Mtaa wa Kongo pale Kariakoo mchana anajua kwamba kibaya hakijitembezi chenyewe. Kina machinga wake mwenye sauti, na mara nyingi ndicho kinachoondoka mapema. Leo basi tuipangie meza bidhaa ambayo waandishi wa programu wenye akili timamu huisogeza kando kwa ncha ya kiatu: metaklasi, yaani klasi inayozaa klasi nyingine, hususan ile inayofyatua klasi za kufungashia data wakati programu yenyewe tayari iko kazini. Imetukanwa vya kutosha. Mwalimu huiruka, mkuu wa kazi huikataza, na anayeirithi huomba likizo. Kitu kinachochukiwa kwa umoja kiasi hicho hakiwezi kukosa ubora.

Kwanza tuifungue tuitazame. Chukua duka la jumla la Buguruni lenye kompyuta moja kaunta. Mauzo yakifanyika, ndani ya programu kuna jina la mteja, TIN, namba ya risiti, tarehe na kiasi. Ili vyote hivyo visafiri hadi kwenye seva, lazima vifungashwe kama mzigo wa mkoani: nguo zinashindiliwa kwenye salfeti, mdomo unashonwa kwa kamba, na ubavuni makapeni inaandika jina la mpokeaji na mji. Anayeupokea Mbeya hutarajia kukuta kilekile kilichofungwa. Klasi ndiyo inayojua nini kinaingia na kwa mpangilio gani. Mwandishi mnyoofu ataandika klasi ya risiti, nyingine ya ankara, nyingine ya hati ya mzigo, na katika kila moja atarudia maelekezo yaleyale ya kufunga na kufungua. Mwenye metaklasi haandiki hata moja. Anajenga kiwanda kinachosoma orodha ya sehemu, kisha, akitumia lugha ya Python, anamwendea type, metaklasi inayozaa klasi, na kumkabidhi jina, ukoo na sehemu hizo. Papo hapo klasi inazaliwa, ufungashaji ikiwa imeshaujua. Kesho ikija fomu mpya, unaongeza mstari kwenye orodha na klasi inajileta. Ukiitafuta kwenye faili huipati. Vijana wa kompyuta huyaita maandishi yao kodi. Basi hii ndiyo kodi pekee mjini isiyoacha karatasi.

Wapo watakaosema huu ni uchawi wa kigeni. Hasha! Kiswahili kilikuwa na kiwanda hiki kabla ya kompyuta kuota. Neno kitabu lilipotoka kwenye Kiarabu, ile ki- yake haikuwa kiambishi bali sehemu ya neno lenyewe. Mtambo wa ngeli ukaitupia jicho mara moja, ukalipeleka neno KI-VI, na vitabu vikazaliwa. Kibao cha Kiingereza kilichomwambia dereva akae kushoto kikageuka kipilefti, na tangu hapo jiji lina vipilefti, vikubwa na vidogo, bila kusubiri kikao cha BAKITA. Konda anayetaja kipilefti kile hajafungua kamusi. Upatanisho anaufyatua akiwa ananing'inia mlangoni. Na ufungashaji je? Kituo cha Buguruni Sheli kina jina la kampuni ya mafuta, lakini lilipofunguliwa mtaani, sheli ikawa kituo chochote cha mafuta, awe mwenyewe nani. Kariakoo nayo ni mzigo wa aina hiyo: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kilifungashwa kwa sikio tu, Dar es Salaam kikafunguliwa Kariakoo, Nairobi kikafunguliwa Kariokor. Mzigo mmoja, wafunguaji wawili, matokeo mawili, na miji yote miwili inaendelea na biashara. Anayelia kwamba data zilipotea njiani atuoneshe mnunuzi aliyepotea.

Wapinzani wana hoja, na machinga hakimbii maswali. Wanasema kosa likitokea, ujumbe wake huelekeza kwenye mstari wa kiwandani, wala si kwenye risiti iliyoharibika. Ni kweli, na hiyo ndiyo hisani yake: kosa la kawaida humwaibisha mtu mmoja, hili huwagawia aibu wote waliowahi kupita. Wanasema kihariri hakiwezi kumkumbusha mwandishi majina ya sehemu ambazo bado hazijazaliwa. Vizuri, vijana wajifunze kukariri. Nzito zaidi ni ile ya pickle, chombo cha Python cha kufungashia vitu. Chombo hiki hakibebi klasi ya kitu; huandika jina lake na moduli yake tu, na siku ya kufungua huenda kuitafuta hukohuko. Klasi iliyozaliwa hewani, isiyowekwa kwa jina lake katika moduli yoyote, haionekani, na chombo hugoma kufunga. Kumbe klasi iliyoumbwa kufungasha shehena za watu, watoto wake wenyewe hawafungashiki! Kinyozi hajinyoi, nani atamlaumu kinyozi kwa kutii methali? Na anayemtaka kinyozi anayejinyoa, yupo pia: mwulize type klasi yake ni ipi, atakujibu ni type.

Hoja ya mwisho ni ya wapenda urahisi. Tangu Python 3.6 ya mwaka 2016, klasi mama inaweza kumpokea mtoto na kumpanga bila metaklasi yoyote; toleo la 3.7 la mwaka 2018 likaleta klasi za data, ambazo unataja sehemu tu na mengine yanaongezwa. Kazi nyingi zilizohitaji kiwanda sasa zinatoshwa na mistari michache inayosomeka. Lakini kusomeka ndiko kunakoshusha bei. Kinachosomwa na yeyote hurekebishwa na yeyote. Kiwanda kinachoeleweka na mtu mmoja humlipia mtu huyo pango la nyumba mwaka hadi mwaka.

Hata hivyo machinga mwaminifu huigeuza bidhaa, mteja akaona na mgongo wake. Django, zana ya Python ya kujengea tovuti iliyotolewa kwa umma mwaka 2005, ina metaklasi nyuma ya kila modeli, na watu huitumia bila kukosa usingizi kwa sababu kanuni zake zimeandikwa na zinajulikana na wengi. Ngeli nazo hivyohivyo: konda wa Buguruni akiugua, wa Mbagala atasema vipilefti bila kufundishwa. Kanuni iliyofichika haimdhuru mtu maadamu imefichika vichwani mwa wote. Kiwanda cha lile duka letu kimefichika kichwani mwa kijana mmoja. Ni lugha yenye msemaji mmoja, na msemaji huyo amepata kazi kwingine na simu yake haipatikani. Mteja akirudi mezani na mzigo mkononi, machinga atamwonesha kwa upole yale maneno ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.