Mdahalo wa Kila Mwananchi

Kila uchaguzi ukikaribia Wakenya tunaambiwa mdahalo wa urais ni wa kila mwananchi. Sawa. Mimi ni mwananchi, kitambulisho ninacho. Hebu basi huo mdahalo unifikie.

Zamani antena juu ya mwembe ilitosha. Ukiizungusha kidogo, mtoto anapiga kelele kutoka ndani, "Hapo hapo!" Mwaka wa 2015 matangazo ya analogi yakazimwa, tukatumwa kununua ving'amuzi. Nikanunua. Stesheni za bure zimo, sikatai, lakini tokeni za stima si za bure, na zangu hupenda kuisha saa mbili kasoro usiku, wagombea wakipangusa jasho wapande jukwaani.

Ndiyo maana Julai 2022 nilijikuta kwa kinyozi. Kiti kipo, runinga ipo, ila rimoti ina mwenyewe. "Mzee, hapa ni biashara. Wanaokaa ni wanaonyolewa." Nina upara tangu enzi za Moi, jamani! Nikakalia kiti, akanipitishia mashine kwenye ngozi tupu, nikalipa.

Kisha Kiingereza kikaanza. Watu hawa hawa wakiomba kura sokoni Kiswahili kinawatoka kama maji, hata mafumbo wanayajua. Wakishawekewa taa na kamera, basi, ni Kiingereza cha bodi ya benki. Mzee aliyeketi kando yangu akawa ananiuliza, "Amesemaje?" Nikimaliza kumfasiria swali, mgombea keshamaliza dakika zake.

Nasema mgombea, maana alikuwa mmoja. Usiku ule wa tarehe 26 Ruto alisimama peke yake, mpinzani wake Raila hakuja. Mapema jioni mgombea mwingine, Waihiga, naye alikuwa peke yake, kwa sababu mwenzake Wajackoyah alifika, akakataa kuingia, akaondoka. Na msidhani nambagua Raila: Julai 2017 yeye ndiye aliyejibu maswali peke yake, Uhuru hakutokea. Wafuasi waliocheka 2017 walinuna 2022, na walionuna wakacheka.

Ukitaka kujua tulikotoka, kumbuka Februari 2013. Wagombea wote wanane walipanga mstari jukwaani, na mmoja wao, Paul Muite, alikuwa amekimbilia kortini akidai naye aulizwe maswali. Mtu akishtaki ili aulizwe! Siku hizi wanaotafuta kuulizwa ni wale wasio na kura, na wenye kura wana shughuli nyingine.

Hakuna sheria inayomlazimisha mgombea kuhudhuria, nasi hatumwadhibu kwenye kura, kwa hiyo hana cha kuogopa. Waandalizi wa 2027, ombi langu ni dogo: ulizeni maswali kwa Kiswahili, na atakayesusia mdahalo anirudishie pesa za tokeni na za kinyozi.