Pasiwadi Haigawi Zamu

Katika nyumba yenye kompyuta moja, iwe Walukuba mjini Jinja au Namakwekwe mjini Mbale, ugomvi ukizidi, kila mtu hufunguliwa akaunti yake. Windows XP ya mwaka 2001 ilizoesha watu mtindo huo: huyu picha ya bata, yule ya mpira, na kila mmoja pasiwadi yake. Kwa maoni yangu, hiyo ni dawa ya ugonjwa mwingine. Pasiwadi huficha siri, na kinachogombewa sebuleni ni muda. Binti wa sekondari ana mradi wa shule (mtaala mpya ulioanza 2020 unapenda miradi kwelikweli), kaka yake anayesoma Chuo Kikuu cha Kiislamu ana kazi ya kupeleka kabla ya usiku wa manane, mama ana hesabu za chama, na baba ana mpira, ambao yeye huuita taarifa ya habari. Wote wanaitaka mashine kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Hata wapewe akaunti saba kila mmoja, kiti ni kimoja.

Ushahidi wa zamani upo. Chuoni MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wengi walitumia mtambo mmoja, kila mmoja na pasiwadi yake na mgawo wake wa saa. Allan Scherr alikuwa na saa nne kwa wiki, hazikumtosha. Mwaka 1962 akatoboa kadi ya kuomba faili la pasiwadi za wote lichapishwe, na mtambo ukalichapa bila swali. Msomi huyo hakuwa na haja na barua za mtu. Alitaka zamu tu, kama mtoto anayevizia vidole vya mama vikiandika pasiwadi.

Mtasema akaunti angalau hulinda kazi ya kila mtu. Zingelinda, kama watu wangefunga zao wanapoinuka. Hawafungi; wanapishana tu, kila mmoja akiacha vitu vyake wazi nyuma, mpaka mashine inakosa pumzi na mtu anaamua kuizima. Hapo Windows huonya kwamba kuna wengine bado wamo na kazi yao itapotea. Onyo hilo husomwa na yule pekee asiye na cha kupoteza.

Kwamba simu zimemaliza tatizo? Zimemwondoa baba na mpira wake, nakubali. Kuandika kurasa kumi na mbili kwa kidole gumba bado ni adhabu. Na hata Jinja, penye bwawa la umeme la Nalubaale lililozinduliwa 1954, mita ya Yaka, ya umeme wa kulipia kabla, ikikaribia sifuri, aliyenunua uniti ndiye msimamizi mkuu wa kompyuta, apende Windows asipende.

Basi bandikeni karatasi ya zamu ukutani. Kitinda mimba atafuta jina la kaka yake? Atafuta, lakini kwa kalamu, na mwandiko wake nyumba nzima inaujua.