Mtemi Twiga na Malisho ya Magharibi

Hapo kale, katika tambarare za Maswa, kati ya Nyalikungu na Malampaka, wanyama walimtawaza Twiga kuwa mtemi wao. Walimchagua kwa sababu anaona mbali. Hawakujiuliza kama mnyama anayekula majani ya juu ya mgunga atajua lini nyasi zimekwisha.

Siku zilikuwa mbaya. Migunga ilikuwa imekatwa, vumbi lilitimka tangu mwezi wa sita, na ndama walianguka kabla ya mvua kufika. Twiga aliyaona hayo kabla ya wengine, na aliona sawasawa. Msomaji asimdharau kwa hilo. Akaagiza miche ya mikaratusi kutoka mbali, akaita mkutano, akasoma mpango wake tangu asubuhi hadi jua la utosi. Kila ukoo utapanda miche mia. Malisho yote ya magharibi yatafungwa kuanzia kesho.

"Mmekubali?"

Mijusi wa miambani wakainua na kuinamisha vichwa. Mjusi hufanya hivyo akiota jua, akimwona jike, akimwona hata kipanga anayemwinda. Karani Kanga akavihesabu vichwa vile na kuandika kwamba mpango umepita kwa kauli moja.

Usiku huohuo miche ikaanza kuliwa. Mtemi akamteua Fisi awe msimamizi. Kila mwezi Fisi alileta taarifa ya miche iliyopandwa, maelfu kwa maelfu, na hapakuwa na mahali pa kuandika iliyo hai. Punda alisomba maji kutoka lambo hadi mabega yakachubuka, na mabega nayo hayakuwa na mahali katika taarifa ile. Chini kabisa Fisi aliandika sentensi moja isiyobadilika: mbuzi wanapinga mabadiliko.

Kiangazi cha tatu kikamshusha Twiga mwenyewe lamboni. Hakuna mnyama anayepata taabu ya kuinama kama yeye: sharti aipanue miguu ya mbele, ateremshe shingo polepole, na akiwa hivyo hawezi kukimbia. Alipokuwa ameinama, kichwa chake kikawa sawa na kichwa cha mbuzi mmoja mzee aliyekuwa akinywa pembeni.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mtemi."

"Mmenivunja moyo. Miche yangu mmeila."

"Tumeila," akajibu yule mama. "Tulikuwa na watoto wachanga, na malisho umeyafunga yote kwa siku moja. Ulitaka wale nini mpaka mikaratusi ikue?"

Twiga hakuwa na jibu. Akauliza, "Mbona mkutanoni hamkusema?"

"Mkutano ule ulikuwa wa kukusikiliza wewe. Tena Fisi alikuwa amekaa mbele."

Tangu siku hiyo mtemi akaacha kuita mikutano, akawa anatembelea. Alikwenda shikome, pale wazee wanapoota moto jioni, akauliza swali moja kwa kila ukoo: tukibadilisha jambo hili, nani atakosa wakati tunasubiri? Ng'ombe walitaja ndama. Punda alionyesha mabega. Kobe akasema kwamba zamani kila ukoo ulifunga kipande chake kidogo mvua zinapoanza, ukakifungua kiangazi kikikaza, na kipande hicho kiliitwa ngitili. Akamwonyesha visiki vya migunga vilivyokuwa vikichipua chini ya vumbi, bila mche wala tone la maji ya Punda.

Wasukuma wanajua hekaya hii imechimbwa wapi. Maswa ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012. Kabla ya Uhuru vichaka vilifyekwa kumfukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakatanuka, na miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini ngitili nyingi zikaachwa nyuma. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni mradi uliegemea vitalu na miche, mingi ya miti ya kigeni. Uliota mizizi wataalamu walipoigeukia ngitili, na ulinzi wake ukaachwa kwa dagashida, baraza la wananchi wenye sheria zao. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600; mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Kila ninapomsikia mkuu wa ofisi akilalamika kwamba watumishi wake wanachukia mabadiliko, nazikumbuka hekta hizo, na natamani kumuuliza ni nani aliyeachwa na njaa siku alipotangaza mpango wake. Wafugaji wa Shinyanga hawakubadilishwa tabia kwa semina. Waliulizwa, wakaachiwa mipaka waiweke wenyewe.

Naye Twiga, kabla dagashida ya wanyama haijakaa, alimfuata Fisi peke yake na kumwambia uso kwa uso kwamba usimamizi umekwisha. Naona hapo ndipo alipokuwa mtemi kweli, maana Fisi naye alikuwa wa kukosa. Wakazungumza hadi usiku. Fisi hali nyasi. Basi wakaafikiana kwamba atalinda ngitili usiku, na kesi atazipeleka kwa dagashida badala ya kuhukumu mwenyewe.

Dagashida ikafunga vipande, kila ukoo chake, na upande mwingine ukabaki wazi. Ngitili zikifunguliwa, wataanza ndama na wanaonyonyesha. Punda akatua mitungi.

Mkosaji wa kwanza aliyekamatwa alikuwa mtoto wa Twiga, aliyekutwa alfajiri akitafuna machipukizi ya mgunga ndani ya mpaka. Fisi alimleta mbele ya wazee huku akitetemeka yeye kuliko kijana. Baraza zima likamgeukia mtemi. Twiga akauliza faini ni kiasi gani, akatajiwa ileile iliyowekwa kwa wote, akalipa, akakaa.

Hapo mbuzi mzee akasimama, na safari hii Fisi alikuwa amekaa palepale mbele. Akasema mpaka wa upande wa lambo umewekwa vibaya, unawazungusha wenye watoto wachanga. Wazee wakabishana mpaka jua likazama, kisha wakatoka wote kwenda kuung'oa na kuusogeza hatua arobaini.