Shukrani kwa Kutotuletea Somo la Kuuguza

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania,
Dar es Salaam.

Yah: Pongezi kwa kutotusumbua na somo la afya na ustawi wa jamii

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wazazi wa Mpepai, Mbinga, tunaandika kukupongeza. Mtaala ulioanza Januari 2024 umetuletea mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Umetuletea Elimu ya Biashara, umetuletea na Historia ya Tanzania na Maadili. Mtoto akimaliza shule atajua kuuza, tena kwa adabu. Kuuguza mtu, mmeona hilo tulimalize wenyewe nyumbani, na kweli tunalimaliza.

Msimu wa kahawa ukiingia, watu wazima wote wako shambani. Bibi aliyepooza upande mmoja hachumi kahawa, kwa hiyo anabaki na mjukuu wake wa kike wa kidato cha pili. Mjukuu anamwogesha, anamnywesha uji, anafua mashuka, anakumbuka dawa ya presha. Siku anayorudi shuleni anakuta jina lake limo kwenye orodha ya watoro, anasimama mstari mmoja na waliokuwa wakicheza puli sokoni. Tunaiunga mkono adhabu hiyo, maana sheria ni msumeno. Kaka yake hajawahi kuitwa mtoro kwa kosa hilo; hakuna mtu aliyewahi kumwambia abaki.

Najua maofisa wako watajibu kwamba huduma ya kwanza imo kwenye Baiolojia tangu zamani, tena kidato cha kwanza. Ni kweli, na matunda yake tumeyaona. Watoto wetu wanataja vilivyomo kwenye sanduku la huduma ya kwanza bila kukosea: mkasi, bandeji, glovu, dawa ya kusafishia kidonda. Wanavitaja kwa Kiingereza. Sanduku lenyewe hawajaliona likifunguliwa, kwa sababu ufunguo uko kwa mkuu wa shule na mkuu wa shule yuko kwenye semina. Figo wanaichora vizuri sana. Lakini nani amewaambia kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo atatoka vidonda kiunoni na visiginoni? Nani amewaambia kwamba pakiti ya ORS iliyoandikwa lita moja haigawanywi kwa kukisia ili nyingine ibaki ya kesho? Haya bibi huwafundisha mwenyewe, kwa kuugua.

Majengo yasiwe kisingizio. Novemba 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari iwe na maabara tatu: ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia. Tukatoa mchanga, tukatoa matofali, na aliyekosa mchango kuku wake walitoa kwa niaba yake. Hatuombi chumba cha nne. Ingizeni kitanda kimoja na mashuka mawili kwenye hicho cha Baiolojia, nafasi ipo.

Hata mtihani wa vitendo tumeshawatungia, Baraza la Mitihani lisihangaike. Swali la kwanza: mzee ana kilo 60, wewe una 45; mtoe kitandani umkalishe kwenye kiti bila kumwangusha wala kuumia mgongo. Swali la pili: hajala tangu jana, ongea naye. Swali la tatu: ni dalili zipi zitakufanya uite bodaboda usiku huu huu, usisubiri kuche? Wasichana wetu wangemaliza kabla msimamizi hajakaa. Wavulana wangekata rufaa.

Ugumu wenu tunaujua. Shule na zahanati ziko TAMISEMI. Mitaala iko kwenu, chini ya Wizara ya Elimu. Ugonjwa uko Wizara ya Afya. Ustawi wa jamii, tangu 2022, uko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Bibi mmoja, wizara nne. Mwaka 1901 wamisionari wa Kianglikana walishusha meli ya Chauncy Maples kwenye Ziwa Nyasa, ikawa inabeba masomo na matibabu kwa pamoja. Tunashukuru kwamba fujo ya namna hiyo ilikomeshwa.

Sasa nije kwenye jambo linalotufurahisha kuliko yote. Vyuo vya uuguzi vinataka kijana awe amefaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne. Chuo hakiko mbali, Peramiho kipo. Lakini aliyebaki na bibi ndiye aliyekosa vipindi vya Fizikia, na F yake imeshaandikwa. Atakayekwenda chuoni ni yule aliyehudhuria vyote, ambaye hajawahi kumwogesha mtu hata mguu. Mchujo makini kama huu hatujauona kwingine.

Na Januari hiyo hiyo ya 2024, Serikali ilizindua mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wawili kila kitongoji. Tungekuwa wakorofi tungeuliza watatoka wapi. Lakini sisi tunawafahamu kwa majina. Majina yao yapo shuleni, kwenye ile orodha ya watoro.

Baada ya pongezi hizi, ombi letu ni fupi. Wekeni somo la kuuguza kwenye mkondo wa amali, hadi kwenye shule za kata, kwa Kiswahili ambacho mgonjwa anakielewa, na wavulana walazimike kulisoma. Siku ambazo mwanafunzi amemhudumia mgonjwa nyumbani, mganga wa zahanati akithibitisha kwa sahihi, zihesabiwe kuwa mafunzo kwa vitendo. Na mtunga mtaala aje kwanza Mpepai mwezi Juni, akae wiki moja na mgonjwa. Posho ya safari aombe hukohuko.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Kata ya Mpepai, Mbinga.

Nakala: Wizara zote nne – kwa taarifa.
Wavulana wa kidato cha pili – kwa utekelezaji.