Faili Limekwenda Safari

Kompyuta mbili ziko meza moja, zimeachana shubiri tatu. Video ya gigabaiti 5 inatakiwa ihame kutoka hii kwenda ile. Bwana mtaalamu kasema flashi ni ushamba. Barua pepe? Gmail mwisho wake megabaiti 25. Basi ipandishwe kwenye wingu: ivuke bahari hadi seva ya ng'ambo, kisha irudi meza ile ile, ikitafuna bando kwenda na kurudi. Bando lilipokata, flashi ikaitwa kwa heshima zote. Nayo, kwa kuwa ni ya FAT32, haipokei faili la kuzidi gigabaiti 4. Waya wa mtandao wa mita moja wa kuziunganisha kompyuta hizo upo, umefunga mfuko wa sukari ya chai. Hongera, mtaalamu! Usasa umefika, video ndiyo bado.