Sifa za Injini Inayogonga

Pikipiki iliyonyamaza kabisa kichwani iogopwe. Kwenye injini nyingi za bodaboda, kati ya tapeti na valvu huachwa upenyo mdogo, sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, ili chuma kikipata moto kiwe na pa kutanukia. Upenyo huo ukiisha, valvu haifungi barabara. Moto unapenya ukingoni na kuila taratibu, huku dereva amekaa juu ya siti akiwatambia wenzake kwamba chombo kimetulia. Jirani yake, ambaye tapeti zake zinalia ti-ti-ti, anachekwa na kijiwe kizima, na huenda ndiye mwenye injini nzima. Kwa dhuluma hiyo peke yake, mlio unastahili wakili. Kazi hiyo naifanya bure.

Mlio, kwanza, ni mkaaji. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, lakini huu hauondoki. Unaingia Jumatatu kwa kunong'ona chini ya tangi. Ijumaa umeshakuwa mwenyeji na unapaza sauti mbele ya wageni. Shangazi aliyepanda na ndoo yake ya samaki anauliza, "Mwanangu, hiki chombo kinasaga nini?" Naye anajibiwa, "Kinajizoesha tu, shangazi."

Isitoshe, haujui kusema uongo, jambo adimu katika biashara ya mkataba. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, vijana wengi wameendesha pikipiki za matajiri, wakipeleka hesabu hadi chombo kiwe chao. Tajiri anauliza oili imebadilishwa lini. Kijana anasema juzi. Injini nayo inatoa ushahidi wake: ko, ko, ko, sauti nzito ya chini inayozidi ukivuta mafuta, ya beringi ya konirodi iliyokaukiwa siku nyingi. Kesi imekwisha hapo. Linalobaki ni nani atalipa, na hapo wote wawili ghafla hawasikii vizuri.

Na elimu unayogawa mlio huu! Nenda Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Pikipiki ikilia vibaya, madaktari hujitokeza kabla fundi hajafuta mikono. Mmoja anasema pistoni, mwingine ringi. Wa tatu, aliyekuja kunywa kahawa tu, anasema uza. Fundi hana haraka. Anabana klachi: mlio ukikoma, ugonjwa uko kwenye klachi na pistoni imesingiziwa. Anaagiza chombo kiletwe asubuhi, kwa kuwa pistoni iliyolegea kwenye silinda hugonga zaidi injini ikiwa baridi, kisha hutulia kadiri chuma kinavyotanuka. Mchakacho wa pembeni, hasa ukiachia mafuta, unamfanya aitazame cheni ya taimingi. Pu-pu-pu kwenye shingo ya ekzosi, pamoja na masizi, ni gasketi. Akibaki na shaka anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, kisha anafumba macho. Mfaransa René Laennec alipata sifa duniani kwa kubuni kifaa cha kusikilizia kifua mwaka 1816; huyu wetu hununuliwa soda.

Mkoa mzima unashiriki kuutunga mlio huu. Vumbi la njia za Pangani likipita kwenye kichujio kilichochanika linasaga ringi. Upepo wa chumvi wa Raskazone unatia kutu cheni ya nje. Kupanda Lushoto na mshikaki wa abiria nyuma, gia kubwa na mafuta yote, kunaifanya injini iliyochemka igonge hadi mlima usikie. Tena huu ni mji wenye sababu ya kuheshimu mvumo wa ghafla: Novemba 1914, Waingereza walipowateremsha hapa wanajeshi kutoka India kupigana na Wajerumani, nyuki waliochokozwa na risasi waliwavamia askari, hata mapigano hayo yakaja kuitwa Vita vya Nyuki. Aliyepuuza mvumo siku ile alikimbia. Wa leo anasukuma, kutoka Pongwe hadi mjini, juani.

Maadui wa mlio wapo, na wakubwa wao ni wauzaji wa pikipiki zilizotumika. Hawa huuziba mdomo kwa oili nzito, kisha huzungusha chombo mtaa mzima kabla mnunuzi hajafika. Kwa hiyo ukienda kununua, nenda alfajiri bila taarifa. Gusa silinda kabla ya kutoa salamu ndefu. Ikiwa ya moto saa kumi na mbili asubuhi, kuna sauti iliyofichwa humo. Ikiwa baridi, iwashe, nyamaza, sikiliza. Ikigonga, muuzaji atakutazama usoni bila kupepesa na kukuapia kwamba ndivyo ilivyotoka kiwandani.